Besi ya Sondu na Kazi ya Mfasiri

Utangulizi

Wimbo unapoingia katika chumba cha mihadhara cha Kiswahili, aghalabu huingia ukiwa umeachwa sauti yake mlangoni. Mwanafunzi hupewa maneno yaliyopigwa chapa, akaulizwa maudhui, taswira na takriri, akahesabu mizani na vina, kisha akapata alama zake. Ala iliyoubeba wimbo huo haitajwi, au hutajwa katika sentensi moja ya mwisho. Makala haya yanashikilia kwamba desturi hiyo ina upungufu, na kwamba upungufu wenyewe hudhihirika pale kijana anaposhika gitaa la besi na kujifunza wimbo wa kigeni wa roki mbadala. Wapo wanaomwona kijana huyo kuwa mwigaji tu, mateka wa utandawazi. Ukweli ni kwamba anafanya kazi ya ufasiri, na kazi yake ina mengi ya kuwafundisha wanagenzi wa fasihi na wa taaluma ya tafsiri.

Mahali panapofaa kuipimia hoja hii ni Sondu. Mji huu umo katika barabara itokayo Kisumu kuelekea Kisii, kando ya mto unaobeba jina hilohilo. Upande mmoja ni Nyakach, nchi ya Waluo; upande wa pili ni Kericho, nchi ya Wakipsigis. Sokoni mwake samaki na vyungu vya upande wa ziwa hukutana na maziwa, mboga na mahindi ya upande wa vilima, na mara nyingi bei hupatanwa kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha isiyomfanya yeyote kuwa mgeni. Mpaka huo haukuwa wa amani siku zote: ghasia za mwaka 1992, na tena za mwaka 2023, ziligharimu maisha ya watu. Kwa hiyo suala la namna mtu anavyopokea sauti ya mwenzake si suala la burudani pekee katika mji huu. Ni suala la namna ya kuishi.

Wimbo wa besi usio na besi

Achukuliwe kijana wa Sondu anayeanza kujifunza besi leo. Kati ya nyimbo za roki mbadala ambazo wanaoanza hufundishwa mapema kote duniani, umo "Seven Nation Army" wa kundi la The White Stripes la Detroit, Marekani, uliotolewa mwaka 2003. Kibwagizo chake cha gitaa kina nota saba tu. Katika besi ya kawaida yenye nyuzi nne, nota hizo zote hupatikana katika uzi mmoja, wa pili kwa unene. Kidole huanzia nafasi ya 7 ya shingo ya gitaa, kikarudia hapohapo, kikapanda hadi ya 10, kikarejea ya 7, kisha kikateremka nafasi ya 5, ya 3 na ya 2. Mwenye bidii anaweza kuzikariri kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, kukariri si kuelewa. Ugumu wa kwanza ni wa kusikia. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa wazi, hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, na kipaza sauti kidogo cha simu ya mkononi hakina uwezo wa kuitoa sauti ya chini kiasi hicho. Wala si uzi huo pekee: sehemu kubwa ya sauti za chini za besi hupungua au hupotea kabisa. Kijana anayejifunza kwa simu husikia kivuli cha nota, yaani zile sauti nyembamba zinazoambatana nayo, na hulazimika kuikisia nota yenyewe. Akipata vichwa vya masikioni hali huwa nafuu, ila tabia ya kukisia imekwisha kumwingia. Msomi wa fasihi atalitambua jambo hili mara moja: ni hali ya msomaji aliye mbele ya muswada uliofifia, ambaye hana budi kuijenga upya kauli kutokana na alama zilizosalia.

Ugumu wa pili ni wa kushangaza zaidi. Wimbo huu unaotumiwa kuwafunza watu besi haukupigwa kwa besi. The White Stripes lilikuwa kundi la watu wawili, Jack White na Meg White, gitaa na ngoma. Sauti nzito inayosikika mwanzoni ni ya gitaa la kawaida lililopitishwa katika kifaa cha kukanyagia kwa mguu, ambacho huishusha sauti kwa oktavo moja. Kwa maneno mengine, "asilia" anayoitafuta kijana wa Sondu tayari ni gitaa lililoigiza ala nyingine. Anayeihamishia sauti hiyo kwenye besi halisi hanakili chochote. Anaipa wimbo ala ambayo ulikuwa unaiwazia. Je, huyo ataitwaje mwigaji?

Jina lenyewe la wimbo lina historia ya aina hiyo. Jack White alipokuwa mtoto alilisikia vibaya jina la Kiingereza la Jeshi la Wokovu, akadhani linataja jeshi la mataifa saba. Wimbo wenyewe hauhusu Jeshi la Wokovu. Kosa la sikio la mtoto lilihifadhiwa, likapewa maana mpya, na likazunguka dunia. Na lilivyozunguka ndivyo hoja ya makala haya inavyopata nguvu: mashabiki wa timu ya soka ya Club Brugge ya Ubelgiji walikichukua kibwagizo hicho mwaka 2003, na kufikia Kombe la Dunia la mwaka 2006 mashabiki wa Italia walikuwa wakikiimba viwanjani bila neno hata moja. Maneno yalibaki nyuma, sauti ikasafiri peke yake. Uhakiki unaoshughulikia maneno pekee ungesema nini kuhusu umati huo?

Chemirocha: funzo la karibu

Atakayeona mfano huo kuwa wa mbali na ajongee upande wa pili wa mto. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Miongoni mwa alivyorekodi ni wimbo ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ukisindikizwa na kinubi cha Kikipsigis kiitwacho chepkong'. Wimbo huo unaitwa "Chemirocha", na Chemirocha si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Jina lake lilipita katika kinywa cha Kikipsigis likatoka na umbo la kienyeji, lenye mwanzo wa Che- unaofahamika katika majina ya jamii hiyo. Mwenye jina naye akageuka: katika wimbo wa wasichana hao, mpiga gitaa wa Marekani alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Mwanafunzi wa isimu atasema kwamba huo ni utohozi, na atakuwa amesema kweli. Utohozi, hata hivyo, haukuishia katika jina. Gitaa la Rodgers lilitoholewa likawa kinubi. Mnanda wa gramafoni ukatoholewa ukawa ngoma ya wasichana. Hakuna msomi makini anayewaita wasichana wa Kapkatet watumwa wa utamaduni wa kigeni. Wanasifiwa kwa ubunifu. Basi ni kwa mantiki gani kijana wa Sondu anayeushughulikia wimbo wa Detroit hukaripiwa kwa kuiacha mila yake, ilhali anafanya, kwa ala ya umeme, jambo ambalo majirani zake walilifanya kwa chepkong' zaidi ya miaka sabini iliyopita?

Upande wa Waluo nao hauna sababu ya kumkaripia. Benga, muziki ambao wengi huutaja kuwa nembo ya eneo la ziwa, ulizaliwa kwa njia hiyohiyo. Nyatiti ni kinubi chenye nyuzi nane. Mpigaji wake huimba na kucharaza, huku akigonga ubao wa kinubi kwa pete ya chuma ya kidole cha mguu iitwayo oduong'o na kutikisa njuga ziitwazo gara. Mtu mmoja huwa solo, besi na ngoma kwa wakati mmoja. Magitaa yalipoenea, wanamuziki wa kizazi cha John Ogara na, baadaye, cha D. O. Misiani wa Shirati Jazz walizigawa kazi hizo: nyuzi za nyatiti zikahamia katika gitaa la solo, na msukumo wa chini ukakabidhiwa besi. Gitaa la besi la umeme lenyewe lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951 na kampuni ya Fender. Chombo kilikuwa kigeni. Kilichosemwa kwacho hakikuwa kigeni.

Mizani saba na tatizo la "la"

Yafaa sasa kuonyesha kwa vitendo kwamba besi inaweza kumfaa mwanafunzi wa Kiswahili. Mtu akitaka kukipa kibwagizo kilichotajwa maneno ya Kiswahili, atahitaji mizani saba. Tafsiri sisisi ya jina la wimbo, "Jeshi la Mataifa Saba", ina mizani tisa: je-shi-la-ma-ta-i-fa-sa-ba. Imezidi kwa mbili. "Jeshi la Wokovu", ambalo ndilo jina lililosikiwa vibaya, lina sita. Limepungua kwa moja. "Jeshi la nchi saba" lina saba kamili, kwa sababu ile n ya nchi ni silabi inayojitegemea: je-shi-la-n-chi-sa-ba. Mshairi wa mapokeo angeridhika hapo.

Mpiga besi hataridhika. Nota ya tatu, iliyo ya juu kuliko zote, inaangukia "la", kiunganishi ambacho katika usemi wa kawaida hakina mkazo wowote. Sauti inapanda mahali ambapo maana imelala. Isitoshe, nota mbili za mwisho ni ndefu, na "saba" ina mkazo katika silabi yake ya kwanza. Silabi ya mwisho itavutwa kwa muda ambao msemaji wa kawaida asingeupa. Hilo la pili linavumilika, kwa kuwa waghani wa mashairi huvuta mwisho wa mshororo tangu jadi. Hilo la kwanza linadai uamuzi. Ama mfasiri atafute kauli nyingine ambayo mizani yake ya tatu ina mkazo, ama mpigaji aipunguze nguvu nota ya tatu kwa kidole ili isiitangaze "la" kama kwamba ni nomino. Hapo ndipo ufasiri unapokuwa kazi ya mkono. Hakuna ukurasa wa maneno matupu ambao ungelifichua tatizo hilo. Limefichuliwa na uzi.

Si hilo tu. Kijana aliyelelewa na benga, ambako besi haitulii, atashawishika kuzijaza nafasi zilizo kati ya nota na kuzitembeza zile mbili ndefu za mwisho. Je, azijaze? Akizijaza, wimbo utachezeka Sondu, lakini ule uzito wa kutembea polepole kama askari wa doria utapungua. Akiziacha, uzito utabaki, ila wasikilizaji wake huenda wakauona wimbo kuwa umekauka. Mfasiri wa fasihi huujua mtanziko huu vyema: aongeze neno ili msomaji wake aelewe, au aache ukimya wa matini chanzi usimame? Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi aliiita Mabepari wa Venisi, nayo ikachapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno "mabepari" halikuwa katika jina la Shakespeare. Lilikuwa nota iliyoongezwa na mfasiri aliyejua anawapigia nani. Wengine husifu uamuzi huo, wengine huukosoa, lakini wote hukubali kwamba ulikuwa uamuzi. Mpiga besi anastahili heshima hiyohiyo, na ukosoaji huohuo.

Pingamizi na jibu

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inafungua mlango kwa kila uigaji: kijana atapiga roki, benga itakufa, na chama cha Kiswahili kitakuwa kimebariki mazishi. Pingamizi hili lina uzito, na halifai kupuuzwa. Jibu lake linatoka katika taaluma ya tafsiri yenyewe. Mfasiri sharti awe na lugha mbili. Mwenye lugha moja hawezi kufasiri. Anaweza tu kukariri sauti asizozielewa. Vivyo hivyo kijana anayezijua nota saba za Detroit na asiijue hata nyimbo moja ya nyatiti hana anakoupeleka wimbo huo. Huyo kweli ni kasuku. Mwenzake anayezijua zote mbili ndiye mfasiri. Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa kumnyang'anya kijana roki. Dawa ni kuhakikisha kwamba anapofika kwenye roki anayo lugha ya pili mkononi.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana upo. Kundi la Extra Golden liliwakutanisha wanamuziki wa roki kutoka Marekani na wapigaji wa benga wa Kenya, akiwemo mwimbaji na mpiga gitaa Otieno Jagwasi. Albamu yao ya kwanza, "Ok-Oyot System", ilirekodiwa Nairobi mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2006, baada ya Jagwasi kufariki mwaka 2005. Jina la albamu lina Kidholuo cha kusema kwamba jambo si rahisi. Ian Eagleson, mmoja wa Wamarekani hao, alikuwa amekuja kuichunguza benga kama mwanafunzi. Alikuja kujifunza lugha ya pili ya gitaa lake. Ikiwa mgeni aliona haja hiyo, mwenyeji ana udhuru gani?

Wengine watasema kwamba muziki ni kazi ya idara ya muziki, na Kiswahili kibaki na maneno. Hao wamesahau mapokeo yao wenyewe. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, aliweka kuimbika kuwa msingi wa shairi. Mizani, ambayo kila mwanafunzi huihesabu kwa vidole, ni kipimo cha sauti na muda kabla ya kuwa kipimo cha maandishi. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulioitikisa taaluma hii tangu miaka ya sabini ulihusu, pamoja na mengine, kama shairi lisiloimbika ni shairi. Ajabu ni kwamba pande zote mbili ziliendelea kulijadili suala la uimbaji kwa kalamu, ala zikiwa kimya.

Hitimisho

Hasara ya ukimya huo si ya nadharia tu. Sauti ya wasichana wa Kapkatet ipo leo kwa sababu mtu fulani mwaka 1950 alibeba mtambo wa kurekodi, naye hakuridhika na daftari. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 baadhi yake zilirejeshwa kwa jamii ya Wakipsigis. Lau angeandika maneno peke yake, tungo hiyo ingesalia kuwa kichekesho cha mistari michache kuhusu mtu mwenye miguu ya paa. Kwa upande wa benga, waimbaji na wapiga solo wanafahamika kwa majina. Wapiga besi wengi hawafahamiki. Wanazeeka vijijini na mijini kandokando ya ziwa, na kila anayezikwa huenda na namna yake ya kuisukuma ngoma, ambayo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kusubiri bajeti. Kwanza, wahadhiri wa fasihi simulizi na wajizuie kuutahini wimbo ambao wanafunzi hawajausikia. Pili, kozi za tafsiri na ziwe na zoezi moja la kufasiri wimbo kwa namna ambayo utaimbwa na kupigwa, ili suala la "la" yenye mkazo usioistahili likutane na mwanafunzi ana kwa ana. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kila mwaka hufanya safari za kitaaluma, na viende Sondu, Ahero, Kapkatet na kwingineko, vikiwa na simu za kurekodia na ridhaa ya wenyewe, viwaulize wazee wa besi walijifunzaje, kutoka kwa nani, na ni nyimbo zipi za kigeni walizozigeuza.

Mto Sondu, kupitia mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, hutoa umeme unaowasha vikuza sauti mbali na kingo zake. Kijana wa Sondu anapoichomeka besi yake, nguvu za mto wa nyumbani hupita katika wimbo wa Detroit. Siku atakapoketi na mwenzake wa ng'ambo ya mto, mmoja akiwa na nyatiti masikioni na mwingine chepkong', wakabishana kwa Kiswahili iwapo nota mbili za mwisho zitembezwe au ziachwe, watakuwa wanafanya mjadala wa tafsiri ulio kamili kuliko mingi inayofanywa katika kumbi za vyuo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wimbo wa kigeni umekwisha kufika Sondu. Kilichosalia ni wenyeji kumpokea kwa lugha zao zote, ikiwemo ile isiyo na maneno.